Arobaini ya Pili

Mama yangu aliondoka asubuhi ya siku ya arobaini na moja. Alikuwa amekuja kutoka Pangani na kila kitu ambacho mwanamke wa pwani huletewa akijifungua: pilipili manga ya uji, ubani, papa mkavu aliyefungwa kwenye gazeti, na khanga mbili kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, za kunifungia tumbo. Kwa siku arobaini alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akamwogesha mtoto, akapokea wageni, na akanikataza kuinama, kufagia na kushika maji baridi. Jana yake tulikuwa tumemtoa mtoto nje, mawifi wakapika pilau, na kila aliyefika akanipa mkono wa hongera kama mtu aliyemaliza safari. Kisha bodaboda akaja kumpeleka mama kwenye kituo cha mabasi cha Mbezi, hapa Dar es Salaam, kwa sababu baba alikuwa na kisukari na hakukuwa na mtu mwingine Pangani wa kumsimamia dawa zake, nami nikamsindikiza hadi getini tu, mtoto akiwa begani.

Niliporudi ndani nilikuta sufuria kubwa jikoni, imefunikwa. Ndani mlikuwa na maji ya kunikanda, yangali na uvuguvugu. Mama alikuwa ameyachemsha alfajiri kwa mazoea, kabla ya kukumbuka kwamba siku zimeisha. Niliyatazama kwa muda mrefu, halafu nikayatumia kufulia nepi.

Mwanangu alizaliwa mwaka 2021, nami nilikuwa nimeanza likizo ya uzazi siku nne kabla ya kujifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, na inampa baba siku 3. Ukitoa zile nne za mwanzo na arobaini za mama yangu, zilinibakia arobaini kamili, na ndiyo maana mpaka leo kipindi kile nakiita arobaini ya pili. Ya kwanza ina jina, ina chakula chake, ina miiko yake na watu wake. Ya pili haina hata mtu wa kukuuliza umefikia siku ya ngapi. Mume wangu, ambaye ni dereva wa malori yaendayo Zambia na Kongo, alizitumia siku zake 3 zote nyumbani, na siku ya nne alikuwa barabarani.

Kabla ya ujauzito tulikuwa tumepanga chumba kimoja Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma uani kulikokuwa na bomba moja, choo kimoja na majiko ya wapangaji wote yaliyopangwa kando ya ukuta. Niliichoka nyumba ile. Nilichoka kupanga foleni ya bafu, nikachoka kila mtu kujua tumepika nini na tumegombana kwa nini. Tulipopata nyumba Kinyerezi, yenye sebule, jiko na choo cha ndani, na geti lake, niliona tumevuka. Hakuna aliyeniambia, na sidhani kama ningemsikiliza, kwamba kwenye foleni ile ya bafu ndiko nilikokuwa nikisalimiwa mara ishirini kwa siku, na kwamba mtoto akilia usiku Magomeni, upande wa pili wa ukuta kuna mtu ambaye angegonga na kuuliza, "Vipi, tumbo linamsumbua?" Kinyerezi mtoto alilia mpaka akanyamaza mwenyewe, na asubuhi hakuna aliyejua kwamba hatukulala.

Siku zile nilizihesabu kwa adhana za msikiti wa mtaani. Baina ya adhuhuri na alasiri ndipo palipokuwa pagumu zaidi, kwa sababu jua lilikuwa kali, mtoto alikuwa hataki kulala, na kazi zote nilizozianza asubuhi zilikuwa zimeishia nusu. Siku moja muuza mboga alipita nje akaita, nami nilipotaka kumjibu sauti haikutoka. Tangu alfajiri, ukiacha minong'ono ya kumbembeleza mtoto, nilikuwa sijatamka neno. Simu ilikuwepo. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp picha za mtoto zilipokewa kwa mashaallah na hongera nyingi, nami nilizijibu kwa alama za moyo, kisha nikaiweka simu kifudifudi kwa sababu nilijua kwamba nikiendelea kuandika nitaandika kitu kitakachowashtua.

Siku ya arobaini na mbili ilikuwa zamu ya chanjo ya wiki ya 6. Mtoto alitiwa kwenye kiti cha kitambaa, akaning'inizwa kwenye mzani, na nesi akaweka nukta kwenye kadi, juu ya ule mchoro wenye mistari inayopanda. Nukta ilikuwa mahali pazuri. Nyuma yangu benchi lilikuwa limejaa kina mama hadi mlangoni. Nesi, ambaye alikuwa mpole na aliyechoka, aliniuliza, "Na wewe mama, hujambo?" Nikamjibu, "Sijambo."

Nimelifikiria sana jibu lile. Sikukusudia kusema uongo. Salamu zetu zimetufundisha kwamba mtu akiuliza habari hujibiwa "nzuri", hata kama nyumbani kuna msiba, na kwamba habari yenyewe huja baadaye, baada ya neno dogo: "Nzuri, ila..." Mgonjwa husema hajambo, ila kichwa. Mfiwa husema nzuri, ila tumepata matatizo. Ndiyo adabu yetu, na mimi naipenda, kwa sababu haimtupii mtu mzigo wako kabla hajakaa. Lakini adabu hiyo inahitaji anayesalimia awe na muda wa kungoja hiyo "ila", na kwenye benchi la kliniki muda huo haupatikani. Nilikuwa nimezungukwa na salamu kila upande, kwa simu na ana kwa ana, na zote zilikwisha kwenye "nzuri".

Hapa sina budi kutenganisha mambo mawili, kwa sababu kuyachanganya kunaweza kugharimu uhai. Machozi ya siku za kwanza, yale yanayomjia mzazi bila sababu siku ya tatu au ya nne, huwapata wanawake wengi na kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, na si wa wachache: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kuna dodoso la maswali 10, lililotungwa mwaka 1987 na kupewa jina la mji wa Edinburgh, ambalo mhudumu wa afya anaweza kulijaza pamoja na mama kwa dakika chache. Huzuni isiyokatika kwa zaidi ya wiki mbili, kukosa usingizi hata pale mtoto amelala, kutomhisi mtoto kuwa ni wako, yote hayo ni ya kumpeleka mtu hospitali. Na wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto ni la kwenda siku hiyohiyo, bila kungoja mume arudi. Mimi nilijaza dodoso lile baadaye mbele ya daktari. Sikuwa na sonona. Nilikuwa na upweke, ambao si ugonjwa lakini ukiachwa unaweza kuuandalia ugonjwa njia.

Kuna jambo jingine lililonipata ambalo nilichelewa kulitambua. Kwetu mwanamke akizaa hupewa jina jipya. Mume, mawifi, mwenye duka, bodaboda, wote walianza kuniita Mama Fulani kwa jina la mtoto, nami nilifurahi, kwa sababu ni jina la heshima na wapo wanawake wanaolililia miaka. Lakini nilikuwa likizo, na kazini ndiko peke yake nilikobaki na jina langu la kuzaliwa. Zilipita wiki pasipo mtu kulitamka. Hata mama, aliyelichagua jina lile, aliponipigia simu aliuliza, "Mama Fulani, mtoto kanyonya?"

Katika wiki ya 8 maji yalikatika mtaani kwa siku tatu. Tangi letu lilikauka, nepi zikarundikana kwenye beseni, na nyumba ya mbele yetu ilikuwa na kisima. Mwenye nyumba ile alikuwa mama wa makamo ambaye kwa miezi saba tulikuwa tumepungiana mikono tu kupitia nondo za geti. Nilisimama nje kwake na ndoo, mtoto mgongoni, kwa muda ambao hata mlinzi wa jirani alianza kunitazama. Mimi nimelelewa na mwanamke asiyeomba. "Sisi hatusumbui watu," ndivyo mama alivyotuambia tulipotumwa dukani kwa mkopo kisha tukarudishwa, na neno hilo niliolewa nalo, nikahama nalo, nikazaa nalo. Mwishowe nikabisha hodi.

"Karibu, pita, mlango uko wazi."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za mtoto?"

"Nzuri."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani, ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe. Vidole vyake viliuburuta mchele kidogo kidogo kutoka upande wa juu kuja upande wa chini, na kila alipokuta kijiwe au chuya alikitupa juu ya kipande cha boksi kilichokuwa kando. Nilipojibu "nzuri", vidole vikasimama. Hakuongeza swali. Aliinua macho, akangoja, na ule muda wa kungoja ndio ulionishinda.

"Nzuri," nikasema, "ila..." na sikuweza kuendelea kwa sababu nilikuwa nalia.

Hakunipa ushauri. Sikuambiwa nimshukuru Mungu kwa kupata mtoto, wala kwamba wengine wana hali mbaya kuliko mimi, maneno ambayo ni ya kweli na ambayo humfunga mtu mdomo. Aliniambia nimshushe mtoto nimlaze kwenye mkeka, akanimegea sehemu ya mchele kwenye sinia, na tukachagua mawe wote wawili mpaka kijana wake akamaliza kujaza ndoo zangu kisimani na kunipelekea. Katikati ya kazi ile aliuliza, "Na wewe jina lako la nyumbani nani?" Nikamtajia. Alilirudia mara mbili kama anayelionja, na kuanzia siku ile, hadi leo, ananiita kwa jina hilo.

Baada ya hapo alikuja yeye. Saa nne asubuhi, mara tatu au nne kwa wiki, nilisikia hodi, na aliingia na ungo wake au na kisamvu cha kutwanga. Kuna siku tulizungumza saa nzima, na kuna siku hatukusema lolote zaidi ya salamu. Nilijifunza kwamba kazi iliyoko mkononi humrahisishia mtu kusema, kwa kuwa macho yana pa kutazama. Miaka miwili baadaye nilisoma habari za Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, ambaye kuanzia mwaka 2006 aliwafundisha bibi wa Mbare, Harare, kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona jirani yangu na ungo wake.

Mpaka hapo nilikuwa nimejijengea maelezo mazuri ya mambo yote: kwamba arobaini ilitungwa kwa ajili ya nyumba zilizojaa watu, kwamba sisi wa mjini tumeibeba mila bila kuibeba nyumba, na kwamba kama ningezaa Pangani au hata Magomeni, upweke usingenigusa. Nilimweleza mama hivyo kwenye simu. Alinyamaza kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Kisha akasema kwamba aliponizaa mimi, nyumba ya babu ilikuwa na watu kumi na wanne, na kwamba kila alasiri alikuwa anakwenda nyuma ya banda la kuku kulia, kisha ananawa uso na kurudi jikoni. "Watu walikuwa wengi," alisema, "lakini wote walikuwa wa baba yako. Ningemwambia nani?" Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akajibu, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kulea tulifundishwa. Hili lingine hatukufundishwa kulisema."

Mazungumzo yale yalibadilisha ninavyolielewa jambo hili. Bado naamini kwamba kuta zetu mpya zinatugharimu, na bado nikipita Magomeni naitazama nyumba ile ya vyumba sita kwa hamu. Lakini watu kumi na wanne hawakumtosha mama yangu, nami alinitosha mmoja mwenye muda wa kungoja neno la pili. Nilielewa pia kwamba ile "hatusumbui watu" haikuwa kiburi kama nilivyowahi kudhani nilipokuwa msichana. Alikuwa amejifunza kwamba kuomba hakuna faida, akanifundisha mimi alichojifunza, na mimi ilinibidi nijifunze upya kwa ndoo mkononi.

Nilianza na mume wangu. Alikuwa amekwama Tunduma kwenye foleni ya malori ya mpakani, siku ya nne, nami nilimpigia nikamwambia kwamba siko sawa. Jibu lake la kwanza lilikuwa, "Si nimetuma hela jana?" Hakuwa mkatili, alikuwa anakagua orodha ya vitu anavyojua kuvitengeneza. Nilimwambia hela imefika, ila. Tangu siku ile tulikubaliana kwamba atapiga simu akisimama kwenye mizani ya malori, Vigwaza kwanza, kisha kila kituo mpaka Mpemba, na kwamba asiulize habari za mtoto mpaka amalize habari zangu. Nilikuwa naiweka simu juu ya kabati wakati wa kumwogesha mtoto, yeye akasimulia mvua ya Iringa na ukungu wa Makambako, nami nikasimulia siku yangu, na tukajuana katika miezi ile kuliko tulivyojuana katika miaka miwili ya kulala kitanda kimoja.

Niliporudi kazini nilikuwa nimesikia kwa mama mmoja kliniki kwamba kifungu cha 33 cha sheria ileile kinamruhusu anayenyonyesha kutumia muda wa kazi kumnyonyesha mtoto, hadi saa mbili kwa siku. Mwajiri wangu alisema hakuna kitu kama hicho. Mimi wa zamani ningeinamisha kichwa na kuomba radhi kwa kumsumbua. Nilirudi kesho yake na nakala ya kifungu kilichopigiwa mstari, nikabisha hodi, nikaisoma kwa sauti isiyotetemeka sana. Kuanzia wiki iliyofuata nilitoka saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja, na wanawake wawili waliojifungua baada yangu katika ofisi ile hawakuhitaji kuiomba ruhusa hiyo, waliikuta.

Kwa muda nilidhani akili yangu imeharibika, kwa jinsi nilivyosahau funguo, majina na chumvi kwenye mboga. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, katika miaka ya 1970 aliunda neno la kuelezea kipindi cha mwanamke kugeuka kuwa mama, kipindi ambacho wengine wamekifananisha na balehe: mwili, hisia na nafasi yako mbele za watu vyote vinabadilika kwa wakati mmoja. Na mwishoni mwa mwaka 2016, utafiti ulioongozwa na Elseline Hoekzema ulilinganisha picha za ubongo za wanawake kabla na baada ya mimba ya kwanza, ukakuta mabadiliko katika sehemu zinazohusika na kuelewa hisia za watu wengine, na mabadiliko hayo yalikuwepo hata baada ya miaka miwili. Habari hizo zilinipa utulivu mkubwa. Kijana wa miaka kumi na minne hatumwambii kwamba ameharibika kwa kuwa sauti inamkatika; tunajua anakua, tunamngoja. Nami nilijipa ruhusa ya kungojwa. Katika kunyonyesha kwa usiku nilifungua vitabu vya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu nilivyokuwa nimevifunga tangu harusi, ukurasa mmoja kwa titi moja, na mwaka uliofuata nilifaulu masomo mawili na kulirudia la tatu.

Sasa nina mimba ya miezi saba. Mama atakuja na pilipili manga yake, na safari hii nimemwomba abebe pia habari zake mwenyewe, kwa kuwa nataka kuzisikia wakati ananikanda. Mume wangu ameandika barua kuomba likizo yake ya mwaka ya siku 28 ianze siku ya arobaini na moja, na amekubaliwa. Nikihesabu kama mara ya kwanza, katika arobaini ya pili zitabaki siku 12. Jirani ameniambia ungo ataleta mwenyewe, mchele niandae mimi.